Chensoo Inayokosa Pumzi

Benchi la Shangazi lilikaa pale kwenye kona, limeegemea ukuta wa nyumba yake, miguu mitatu ya mbao na wa nne matofali mawili. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Upande wa jua alikaa Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini na ambaye mpaka leo gari likipita kasi mguu wake wa kulia hukanyaga ardhi wenyewe. Katikati alikaa Kamusi, karani mstaafu, mtu asiyewahi kukubali kwamba liko jambo asilolijua. Mwishoni, karibu na jiko la mkaa, alikaa Waya, fundi redio, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka hapo lakini wateja walijua wamtafute benchini. Gogo peke yake hakuwa benchini. Wiki ya tatu sasa alikuwa chini mbele yao, miguu ameinyoosha, na katikati ya miguu ile imelala chensoo kuukuu, mashine ya kukatia miti, imefunguliwa tumbo.

— Vuta tena, akasema Waya.

Gogo akashika kamba, akavuta. Mashine ikakohoa, ikawaka, ikapandisha sauti juu, juu zaidi, kama mtu anayekimbizwa, kisha ikafa ghafla. Moshi wa bluu ukapita mbele ya vikombe vya kahawa.

— Plagi hiyo, akasema Waya.

— Plagi umeileta mwenyewe Jumatatu, mpya, ndani ya karatasi yake, akasema Breki.

— Mpya si hoja. Kuna mpya zinazotoka kiwandani zimeshakufa.

— Kama redio yangu ilivyotoka kwako.

— Redio yako niliitengeneza.

— Uliitengeneza ikashika stesheni moja tu, tena ya mahubiri.

— Na uliacha matusi barabarani, au hukuacha?

Shangazi akacheka, akamwongezea Breki kahawa kabla hajajibu. Alikuwa mdogo wake Gogo, tumbo moja, na nyumba walikaa pamoja. Lakini mtaa mzima, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na mtoto wa Gogo siku zote ambazo mtoto yule alikuwa hapa.

Gogo aliinama juu ya mashine. Chensoo ile aliipata kwa muuza vyuma chakavu, akambadilishia na baiskeli yake, na tangu siku hiyo alikuwa ameifanyia kila kitu. Filta ya hewa aliiosha kwa maji ya sabuni, akaianika. Masizi ya kwenye ekzosi aliyakwangua kwa bisibisi. Cheni aliinoa kwa tupa, jino moja baada ya jingine, misukumo mitatu kila jino, kisha akaitundika msumarini, maana mashine inayojaribiwa haivalishwi meno. Ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka aliugeuza juu chini, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umelika. Kabureta aliifungua mara tatu juu ya kitambaa cheupe, na mara zote tatu skrubu ilimdondoka asijue mpaka alipoiona chini.

Hilo la skrubu hakumwambia mtu. Alisingizia jua, eti linamwumiza macho. Ukweli ni kwamba miaka ishirini na sita ya kukumbatia mashine inayotetemeka ilikuwa imemtia ganzi vidoleni, na sikio la kushoto limezibika kabisa. La kulia lilibaki, lakini lilisikia kelele tupu. Ule ustadi wa kusikia maradhi ndani ya kelele ulikuwa umemtoka.

— Mimi nasema ni cheni, akasema Breki. Imewekwa kinyume.

— Cheni iko ukutani, Breki.

— Hata hapo ukutani imetundikwa kinyume. Itazame.

— Cheni haihusiani na kuwaka!

— Lori langu moja lilikataa kuwaka kwa sababu ya kioo cha pembeni. Nikakibadilisha, likawaka.

— Bahati mbaya kwa aliyelipanda, akasema Waya.

Kamusi akaweka kikombe chini. Alikuwa na desturi ya kuweka kikombe chini kabla ya kusema jambo zito, hata jambo lenyewe likiwa jepesi kama pamba.

— Ninyi mnaitazama mashine. Tazameni historia yake. Hii imetoka nchi za baridi. Imezoea kuamka na umande. Mmeileta hapa juani, kwenye moshi wa jiko, mnaipigia kelele. Mngekuwa ninyi mngewaka?

— Mimi ningewaka, akasema Breki. Ningewaka kwa hasira.

— Halafu kuna mkono. Huenda mwenyewe wa kwanza alikuwa wa shoto. Mashine humzoea mtu. Hata kalamu yangu ya ofisini, akiishika mwingine, ilikuwa inakataa.

— Wino ulikuwa umekwisha.

— Wino ulikuwepo! Ilikuwa inanisubiri mimi.

Wakacheka wote. Breki naye, katika kucheka, akasema neno ambalo kwenye benchi lile lilikuwa halijasemwa kwa muda mrefu:

— Angekuwepo Cheche hapa, tungeshakwenda nyumbani.

Shangazi akagonga birika kwa kijiko, mlio mdogo tu, lakini ulitosha. Breki akaangalia miguu yake. Waya akachukua plagi, akaipuliza, ingawa haikuhitaji kupulizwa.

Cheche ndiye mtoto wa Gogo, wa pekee. Mama yake alifariki binti ana miaka sita, na kwa kuwa Shangazi wakati huo bado alikuwa kwa mumewe, Gogo hakuwa na pa kumwacha. Shule zikifungwa alikwenda naye kazini. Akamkalisha mbali, chini ya kivuli, na chupa ya maji na onyo kali. Mtoto akakaa akasikiliza. Akiwa na miaka kumi na miwili aliinua kichwa siku moja akasema, "Baba, cheni imelegea," na kweli ilikuwa imelegea. Akiwa na miaka kumi na tisa alishika mashine mwenyewe. Alipofika ishirini na mbili hakuna aliyejua kuangusha mti kama yeye. Alikuwa akichomeka kijiti ardhini, anakuambia mti utalala juu ya kijiti hiki, na mti ulilala hapo hapo.

Mwaka wa mwisho yeye ndiye aliyekata kila kitu. Vidole vya Gogo vilikuwa vimeshaanza kufa, akimwachia binti mashine asubuhi na kuipokea jioni, watu wasione. Ndipo akaja mkandarasi mmoja aliyetaka miti isafishwe mahali pa kujengwa. Akawakuta wote wawili, akauliza: "Mkataji ni nani?" Gogo akajibu bila hata kumeza mate: "Mimi. Huyu ananishikia dumu la mafuta."

Cheche alikuwa kweli amelishika dumu wakati ule. Aliliweka chini taratibu, akafuta mikono. Wiki ile ile akaondoka. Alipata kazi kwenye mashamba ya miti, mbali, siku mbili kwa basi, na sasa ilikuwa mwaka wa nne. Shangazi alizungumza naye kila Jumapili. Gogo, Jumapili hizo, alikuwa akitafuta jambo la kufanya karibu na mlango, apate kusikia upande mmoja wa mazungumzo: haya mwanangu, ehe, umekula? Kazi ya mkandarasi ilimshinda siku ya tatu. Chensoo yake akaiuza, na kwa muda hakutaka hata kusikia mashine ya mtu mwingine ikilia.

— Kuna jambo jingine, akasema Kamusi, ili kimya kisizidi. Hii mashine kazi yake ni miti. Sasa hapa inaona nini? Inaona birika. Inaona Waya. Inawaka, inatazama huku na huku, haioni mti hata mmoja, inazima. Kwa nini ijisumbue?

— Kwa hiyo tulete mti? akauliza Waya.

— Hata tawi. Ipate moyo.

— Tawi moja litatosha? Au tumfunge Breki majani kichwani?

— Mfunge mkeo.

Walikuwa bado wanabishana ukubwa wa tawi alipofika muuza maji na mkokoteni wake wa madumu. Alikuwa mgeni mtaani, wiki mbili tu, bado hajapewa jina. Akaegesha, akaomba kikombe, akasimama akiitazama mashine kwa heshima ya mtu anayejua kazi ngumu.

— Shikamooni wazee. Nzuri hii. Inasumbua?

— Marahaba. Inasumbua kidogo, akasema Waya.

— Itapona tu. Akanywa funda moja. Sasa ikishapona, nani atakata nayo?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa. Waya akamtazama Kamusi, na Kamusi, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata kwa maswali ambayo hajaulizwa, akachukua kikombe chake akakuta hakina kitu. Wiki tatu walikuwa wameulizana plagi, wameulizana mafuta, wameulizana baridi na umande. Hilo hawakuwa wameuliza.

Gogo akatazama mikono yake. Ilikuwa juu ya mashine, imetulia, kama mikono iliyosahauliwa na mtu mwingine.

— Mdogo wangu, akasema.

— Abee, kaka.

— Mpigie.

Shangazi hakujifanya hajui nani.

— Leo si Jumapili. Ataogopa.

— Mpigie hivyo hivyo.

— Nikimpigia utamwambia nini?

— Nitamwuliza ugonjwa wa mashine.

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akaitoa simu, akabonyeza, akaiweka spika. Ikaita. Ikaita mpaka Gogo akaanza kusema basi, iache.

— Shangazi! Shikamoo. Kuna nini, mbona leo?

Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko aliyoijua. Nyuma yake mashine nyingine zilikuwa zinalia, mbali.

— Marahaba mwanangu. Usiwe na wasiwasi. Kuna mgonjwa tu hapa tunataka kukuuliza.

— Mgonjwa? Baba? Baba ana nini? Shangazi, ana nini?

Gogo akasikia. Sikio lile moja, bovu, lilisikia kila kitu kilichokuwemo ndani ya maneno yale, na alitamani Shangazi achelewe kujibu. Aliona aibu baadaye kwa kutamani hivyo, lakini alitamani.

— Baba yako mzima. Huyu hapa.

Simu ikawekwa mkononi mwake. Kule zilikokuwa zikilia mashine kukawa kimya, kama mtu ametoka akaenda kando.

— Ni mimi, akasema Gogo.

— Shikamoo.

Hakusema baba. Shikamoo tu, kama anavyomwamkia mtu yeyote njiani.

— Marahaba. Nina chensoo hapa. Inawaka, inapanda juu, inakufa.

— Plagi?

— Mpya.

— Filta?

— Nimeiosha.

— Kabureta?

— Nimeifungua mara tatu.

— Nani ameifungua? Wewe, na hivyo vidole?

Benchi zima lilisikia. Waya aligeuka akamtazama mikono, kisha Breki, na Gogo aliona jinsi walivyokuwa wakiunganisha sasa: skrubu, nati, vikombe viwili alivyovunja mwezi huu. Angeweza kucheka, akasema jua. Hakusema jua.

— Mimi, na hivi vidole, akasema.

Cheche akavuta pumzi.

— Cheni umeivalisha?

— Imetundikwa.

— Sawa. Weka simu karibu nayo. Vuta, usiguse resi.

Shangazi akaishika simu juu ya mashine. Gogo akavuta. Ikawaka, ikapanda, ikafa.

— Tena.

Akavuta tena.

— Mara moja nyingine. Halafu wote mnyamaze, nasikia mtu anakunywa kitu.

Breki akatoa kikombe mdomoni. Gogo akavuta mara ya tatu, bega likamwuma, mashine ikapanda na kufa.

— Inakosa pumzi, akasema Cheche. Au tuseme inavuta pumzi isiyo yake. Kuna hewa inaingia. Tazama mpira wa mafuta, ule unaotoka tenki kwenda kwenye kabureta. Umepasuka pale mwisho, unapovaa.

— Nimeupapasa wote.

— Usiupapase. Ufa wake hauonekani mpaka uukunje. Nani yuko hapo mwenye macho?

— Yupo Waya, yupo Breki, yupo Kamusi.

— Hao bado wapo?

— Tupo! akapiga kelele Kamusi. Na mimi nilisema ni suala la hewa! Nilisema baridi!

— Mpe Waya, akasema Cheche. Breki asiguse kitu.

Muuza maji alicheka peke yake, akajizuia. Waya alipiga magoti, akauvuta mpira mdogo mweusi kwa ncha ya bisibisi, akaukunja. Ufa ukafunguka mbele ya macho yao, mwembamba, wa ukubwa wa punje ya mchele.

— Upo, akasema Waya kwa sauti ya chini. Yarabi, upo.

— Kata hicho kipande, urudishe. Urefu utatosha.

Waya akakata kwa wembe, akauvalisha, akausukuma kwa dole gumba mpaka ukakaa. Gogo akavuta kamba. Mashine ikawaka, ikapanda kidogo, ikashuka, ikatulia. Ikabaki hapo, inanguruma taratibu, sawasawa, haipandi haishuki. Watoto waliokuwa wakicheza upande wa pili wa njia wakasimama kutazama. Gogo akaweka kiganja juu ya kifuniko. Hakuhisi kitu vidoleni, ila kwenye kifundo cha mkono, juu zaidi, mtetemo ulimfikia.

Akaizima.

— Hiyo ni nzima, akasema Cheche. Ni ya nani?

Gogo akaichukua simu, akaitoa spika, kisha akafikiri, akairudisha.

— Sikiliza, mama. Siku ile, mbele ya yule mtu, nilisema uongo. Leo nasema mbele ya hawa, na kuna mtu mwingine hapa wa maji simjui jina, naye anisikie. Mwaka ule wote miti uliikata wewe. Mimi sikukata hata mmoja. Mashine hii nimeitafuta kwa ajili yako.

Shangazi alikuwa ametazama ndani ya birika kana kwamba kuna kitu anakitafuta humo.

— Baba, akasema Cheche. Baba, mimi niko kazini. Nina mkataba. Nina watu sita chini yangu.

— Sikusema uje.

— Najua hukusema.

— Sita?

— Sita.

— Wanakusikia?

— Wananisikia.

Gogo akatikisa kichwa, akatikisa tena, ingawa upande wa pili haukuweza kumwona.

— Ina mafuta ndani? akauliza Cheche.

— Nusu tenki.

— Usiyaache humo. Yamwage kwenye dumu. Yatakayobaki ndani ya kabureta iwashe, iache ingurume mpaka iyamalize, izime yenyewe. Upanga upake oili. Halafu iweke mahali pakavu.

Gogo alizijua hatua zile. Alimfundisha yeye. Hazifanywi kwa mashine itakayotumika kesho, wala wiki ijayo. Hufanyiwa mashine inayokwenda kukaa.

— Muda mrefu? akauliza.

— Mrefu kidogo, baba. Usiiuze.

— Siiuzi.

Akamwaga mafuta kwenye dumu, Breki akimshikia faneli bila kuambiwa. Akawasha. Mashine ilinguruma pale katikati yao dakika moja, ikaenda ya pili, na Shangazi akapita na birika akimimina kidogo kidogo, mpaka kwa muuza maji likatoa matone matatu na machicha. Akaligeuza juu chini, akawaonyesha: imekwisha. Hakuna aliyenyanyuka. Ndipo mlio wa mashine ukapanda kidogo, ukakatika, ukarudi, ukakatika moja kwa moja.

— Imezima? akauliza Cheche.

— Imezima.

— Nimeisikia.

Gogo akaondoa spika, akaiweka simu kwenye sikio la kulia. Hakuwa na swali lingine la mashine. Naye Cheche hakukata simu. Waya akaanza kukusanya spana, Kamusi akajifanya anatafuta fimbo yake, na Gogo akakaa hapo hapo chini, amefumba macho, akisikiliza upepo ukipita huko katika miti ambayo hajawahi kuiona.